Mpira wa Lusubilo Hautaki Mawese

Tusajigwe alizaliwa Ikombe na hajui kufinyanga. Nalitaja hilo mwanzo kabisa kwa sababu watu wa huku kwetu ndilo wanaloanza nalo, na wakishalitaja wanadhani wamemaliza habari zake. Ikombe mtoto wa kike hushikishwa udongo kabla hajajua kufunga kanga. Mama yake Tusajigwe ana vyungu vilivyofika Mbeya na ng'ambo ya ziwa. Binti akafinyanga, akakausha, akachoma, na kila alichochoma kilivuja. Kisipovuja kilipasuka. Akaenda hivyo mpaka akawa msichana mkubwa, na mama yake, ambaye maneno huyatoa kwa kijiko, akamwambia, "Wewe kaolewe na mtu anayekunywa kwa kikombe cha plastiki."

Akaolewa na fundi baiskeli wa Lyulilo. Huyo fundi baadaye alikwenda Chunya kutafuta dhahabu, na mpaka leo kilichorudi kutoka Chunya ni salamu. Tusajigwe hakukaa kulia. Alivuta lile sanduku la spana na viraka, akakaa pale pale sokoni alipokuwa akikaa mume, akaanza kuziba pancha.

Mimi ni wa Ndandalo, nauza mchele hapo sokoni Lyulilo, ufukweni, jirani na Matema, na nimeolewa na kaka yake Tusajigwe. Wifi kumsifu wifi mbele za watu ni jambo la nadra, kwa hiyo mkisoma haya mjue nimebanwa na ukweli.

Mtazameni anavyoziba. Anatia mpira wa ndani kwenye beseni la maji, anatafuta povu linapotokea, anaweka alama ya chaki. Anaukausha. Anaukwaruza kwa msasa mpaka ule mng'ao wote uishe. Anapaka solusheni kwenye mpira na kwenye kiraka, kisha anakaa. Hapo ndipo wateja wanapochukia.

"Mama, bandika basi, nina abiria."

"Abiria wako ana miguu."

"Si umeshapaka?"

"Nimepaka. Haijakauka."

Anagusa gundi kwa mgongo wa kidole. Ikinata kidogo tu, bado. Ikiacha kunata, ndipo anabandika na kugonga. Nimekaa jirani naye miaka tisa na sijaona kiraka chake kikirudi.

Sasa niwaeleze boti. Wanawake wafinyanzi wa Ikombe wana boti inayoitwa Lusubilo, maana yake tumaini. Mzungu mmoja aliyejenga nyumba za wageni Matema aliwaachia alipokuwa anarudi kwao. Ikombe hakuna gari linalofika. Ni milima juu na ziwa chini. Boti ndiyo inayoleta vyungu Lyulilo siku ya Jumamosi, ndiyo inayopeleka wajawazito hospitali, ndiyo inayorudisha chumvi na sabuni.

Boti hii si kama zile za injini ya kuning'iniza nyuma. Injini yake imekaa ndani. Mguu wa chuma ndio unaotokea nje kwa tundu la ukuta wa nyuma, na kushuka majini, na mwishoni una panga la kusukumia maji. Pale mguu unapopita pana mpira mnene wa mikunjo mikunjo, kama mkono wa sweta uliosukumwa juu. Mguu ukipinda kushoto, mpira unapinda nao. Ukipinda kulia, vivyo hivyo. Na maji yanabaki nje. Huo mpira ukichakaa, ziwa linaingia chumbani.

Ukachakaa. Jua la miaka sita liliupasua. Wanawake wakamwita Godwin, fundi wa magari wa Kyela mjini, mtu wa makamo mwenye ovaroli safi kuliko kazi yake. Akaagiza mpira mpya kutoka Dar es Salaam, akaufunga. Baada ya wiki mbili ukachomoka. Akaagiza mwingine, akaufunga. Huo ulichomoka boti ikiwa imejaa, karibu na miamba ya Ikombe, na wanawake walitupa vyungu ziwani ili wasiende chini wao. Vyungu arobaini. Hakuna aliyekufa, lakini kuna waliofika nchi kavu wakasema hawapandi tena, na boti ikavutwa kwa mitumbwi mpaka Lyulilo.

Hapo akatokea Andrea wa Karonga. Baba yake ni wa kule Malawi, mama yake wa huku Kyela, naye hununua huku na kuuza kule. Akasema boti atainunua kama ilivyo, atakuja na lori Jumamosi. Wanawake wakaitana Lyulilo siku ya Jumatatu ili wakubaliane.

Kikao kilikaa mchangani, hatua ishirini kutoka kwenye sanduku la Tusajigwe. Yeye hakuwa mwanachama. Mtu asiyefinyanga angekuwaje mwanachama wa wafinyanzi? Nikamwona anaweka chini tairi, anapangusa mikono, anakwenda kusimama katikati yao.

Mama Angetile, mwenyekiti, akamtazama. "Tusajigwe, hiki ni kikao cha wafinyanzi."

"Najua. Nimekuja kwa ajili ya boti."

"Boti inauzwa."

"Nipeni mpaka Jumamosi."

"Ufanye nini? Unajua injini wewe?"

"Sijui. Injini yenu haina shida, inawaka. Kinachowasumbua ni mpira. Mpira naujua."

Mmoja akasema kwa pembeni kwamba hata udongo alidhani anaujua. Wakacheka kwa kuziba midomo. Tusajigwe hakugeuka.

Mimi nilijua kilichomsimamisha pale. Mama yake ana presha na kila mwezi lazima afike kliniki Matema. Kuhamia Lyulilo hataki, na mwenye kudhani atamshawishi aende akajaribu. Ile boti ilipokuwa mbovu alikuja kwa mtumbwi mara moja, upepo wa mwera ukavuma, akafika amelowa mpaka kilemba. Mwezi uliofuata hakuja kabisa. Alikaa wiki tatu bila dawa, na kaka yake Tusajigwe, mume wangu, alimkuta amelala mchana, mtu ambaye hajawahi kulala mchana tangu azaliwe. Boti ikienda Karonga, yule mama angebaki na mtumbwi na mwera.

"Na ukishindwa?" Mama Angetile akauliza.

"Mtauza Jumamosi ile ile. Mtakuwa mmepoteza nini?"

"Heshima."

"Hiyo ilizama na vyungu."

Safari hii hawakuziba midomo. Mama Angetile mwenyewe alicheka, akasema haya, mpaka Jumamosi, na kwamba Godwin aitwe, kwa kuwa spana za kufungulia ule mguu ni zake.

Godwin alikuja Jumanne na uso wa mtu aliyeitwa polisi. Vijana wa sokoni walishaivuta boti mchangani kwa kuipitisha juu ya vigogo vya migomba. Akamkuta Tusajigwe amechuchumaa nyuma yake.

"Mama, hii si baiskeli."

"Naona. Baiskeli haizami."

"Nilifunga kwa klipu mbili za chuma cha pua. Hata Dar hawafungi vizuri hivyo."

"Fungua, baba, tuone uzuri wake."

Akafungua. Mguu ukashushwa na wanaume watatu, ukalazwa juu ya magunia yangu ya mchele, matupu, yaliyochukuliwa bila mimi kuulizwa. Ule mpira wa pili ulikuwa mzima. Haukuchanika popote. Ulikuwa umevuka tu ukingo uliotakiwa kuushika, kama soksi iliyovuka kisigino. Tusajigwe akapitisha kidole kwenye ule ukingo wa chuma. Kidole kikatoka chekundu. Akakinusa.

"Godwin, hapa palipikwa maharage?"

"Ni mawese kidogo tu. Ili mpira uingie bila kukwaruzika."

Msimcheke Godwin. Mtu wa Kyela anapaka mawese kila kitu. Tunapikia, tunapaka watoto, tunapaka bawaba za mlango, na mnyororo wa baiskeli yangu mwenyewe una mawese mpaka leo. Mpira mpya umekaza, hauingii, mkono unakwenda wenyewe kwenye chupa. Hata mimi ningepaka. Nadhani Kyela nzima, ukiondoa mtu mmoja, ingepaka.

Huyo mmoja akauliza, "Ukipaka kiraka mafuta, kitashika?"

"Kiraka hakina klipu. Huu una klipu."

"Klipu inabana kitu kilichotulia. Huu unavutwa huku na huku kila boti ikikata kona. Wewe umeukalisha kwenye mafuta halafu unashangaa umeteleza."

 Godwin akafanya jambo lililonifanya nimheshimu: akaenda kwenye mkoba wake, akaleta boksi la ule mpira. Ndani kulikuwa na karatasi yenye picha, na kichupa cha gundi kisichofunguliwa.

"Hiki nacho kilikuja humo," akasema. "Nikaona gundi ya nini wakati klipu zipo."

Maandishi ya karatasi yalikuwa ya kigeni. Mimi na Tusajigwe tumeishia darasa la saba, na hicho Kiingereza chetu kinatosha kuhesabu tu. Lakini picha ni picha. Tambara linafuta ukingo. Brashi inapaka huku, brashi inapaka na huku. Kisha saa, imechorwa peke yake, hakuna mtu, hakuna mkono.

Tusajigwe akaiangalia ile saa muda mrefu. "Solusheni," akasema. "Wanapaka pande zote mbili, halafu wanasubiri. Hata huko kwao kuna abiria wanaokaripia."

Kazi ya kuuosha mpira ilimla siku mbili. Alitumia maji ya moto na sabuni ya mche, akausugua ndani na nje, akauanika kivulini. Kisha akadondosha tone moja la maji penye ukingo. Tone likakaa duara, kama shanga. "Bado una mafuta," akasema, na kuurudisha kwenye beseni. Mara ya pili, shanga. Mara ya tatu tone likatambaa, likalowesha. Akafanya hivyo hivyo kwenye chuma, akakipitishia msasa mpaka kikawa na rangi ya kijivu tu.

Kulikuwa na jambo jingine. Mafuta yaliyotolewa kwenye mguu yalitoka meupe, kama chai ya maziwa, na hata mimi muuza mchele nikajua maji yameingia humo pia. Godwin akachomoa panga. Nyuma yake, kwenye shafti, ulikuwa umejizungushia uzi wa nyavu, mwembamba, uliokaza kama waya. Wavuvi wetu nyavu zikichakaa huzikata na kuzitupa ziwani. Panga linaokota. Ule uzi ulikuwa umeingia mpaka kwenye sili, zile pete mbili ndogo za mpira zinazoikumbatia shafti, ukazikata midomo.

"Hizi sikuziangalia," Godwin akasema taratibu.

"Hukuulizwa. Kabla hujazing'oa, subiri." Tusajigwe akachora kwa chaki kwenye kibao jinsi kila pete ilivyokaa, moja mdomo wake ukitazama ndani, nyingine nje. "Ukishazitoa zote mbili zitafanana, tutabaki kugombana."

Jumatano Godwin alipanda gari kwenda Mbeya na sili za zamani mfukoni, akarudi Alhamisi jioni na mpya zenye namba zile zile. Hakuna aliyemtuma. Alipofika akauliza, kwa adabu nyingi kuliko Jumanne, "Na hizi tuzikaushe?"

Tusajigwe akafikiri. Hilo halikuwamo kwenye baiskeli yake. Akaigeuza ile pete, akaupapasa mdomo wake laini. "Hapa chuma kitazunguka kikiisugua siku nzima. Ikiwa kavu itaungua. Midomo yake ipake."

"Kwa hiyo mafuta ruksa."

"Grisi, Godwin. Mawese mpelekee mkeo."

Zikaingia kwa kugongwa na kipande cha bomba, polepole, kama chaki ilivyoagiza.

Ijumaa asubuhi ndiyo ikawa siku ya mpira mkubwa. Akapaka gundi kwenye chuma, akapaka kwenye mpira, akakaa. Godwin akasimama na klipu mkononi, mguu mmoja mbele.

"Keti," wifi yangu akamwambia.

"Imeshakauka hiyo."

"Keti."

Akaketi. Watu wakajaa, maana Lyulilo mtu akikaa bila kufanya kitu ni lazima kuna jambo. Tusajigwe akagusa kwa mgongo wa kidole, akatikisa kichwa. Akagusa tena, akatikisa. Mara ya tatu akasimama bila kusema, akausukuma mpira kwenye ukingo wake kwa viganja viwili, akauzungusha mkono pande zote mpaka ukakaa. Haukuwa rahisi kuingia. Mishipa ya shingo ilimtoka. Lakini ulipokaa, ulikaa. Godwin akafunga klipu, wakarudisha mguu, na Tusajigwe akakataza mtu yeyote asiisogeze boti mpaka kesho.

Jumamosi Andrea akaja na lori na vijana wanne. Shati lake lilikuwa na mifuko mingi. Akasalimia vizuri kwa lugha ya kwetu, ndaga huku, ndaga kule, akaomba boti yake.

"Ina safari moja kwanza," Mama Angetile akasema.

Kabla ya kuondoka, Tusajigwe akamwaga majivu kwenye sakafu ya boti, nyuma kabisa, chini ya pale mpira unapopita. Yalikuwa majivu makavu, meupe, ya moto wa kuchomea vyungu. Akayasawazisha kwa kiganja kama anatandika kitanda. "Tone moja likiingia, yatasema," akamwambia Andrea. "Panda uone mwenyewe."

Tukapanda: Mama Angetile na chupa yake ya chai, Andrea, Godwin, Tusajigwe, na mimi, kwa sababu mambo kama hayo siwezi kungoja kusimuliwa. Nsajigwa, dereva wa boti, ndiye aliyeshuhudia vyungu arobaini vikitupwa mbele ya macho yake. Aliendesha kama amebeba mayai.

"Kata kona," Tusajigwe akasema.

"Dada, mpira ulichomoka kwenye kona."

"Ndiyo maana. Kata."

Akakata kidogo.

"Hiyo ni kona ya harusi. Kata, Nsajigwa."

Akakata kweli. Boti ikalala ubavu, mimi nikashika shati la Andrea, Mama Angetile akashika kilemba. Kushoto, kulia, kushoto tena. Tusajigwe alikuwa amesimama, ameangalia nyuma, na mkono wake ulikuwa umebana ukingo wa boti mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa anaogopa.

Ikombe tulipakia vyungu, na mama yake Tusajigwe akapanda. Ilikuwa siku ya dawa zake. Hakuuliza kitu. Aliketi juu ya kirago chake, akawatazama watu wa boti mmoja mmoja kama anayechagua udongo.

Tuliporudi Lyulilo soko zima lilikuwa ufukweni. Mama Angetile akafunua kifuniko cha nyuma. Majivu yalikuwa meupe. Isipokuwa mahali pamoja, upana wa kiganja, palikuwa na doa jeusi, bichi.

 Andrea akainama. "Na hilo?"

Nilimtazama Godwin, naye alikuwa amefumba macho. Tusajigwe akapiga magoti. Akagusa lile doa kwa kidole, akakinusa kidole. Kisha akakitia mdomoni, majivu na yote.

"Ziwa letu halina sukari," akasema.

Kila mtu akageuka kumtazama Mama Angetile. Naye akaitazama chupa yake ya chai, iliyokuwa imelala chini ya kiti bila kizibo tangu ile kona ya kwanza. Mzee mzima akaona haya kama msichana. Godwin akaushika mpira kwa ndani, akauzungushia mkono wote, akautoa huo mkono na kuuinua juu ili soko lione. Mkavu.

"Mimi nimekuja na lori," Andrea akasema.

"Lipakie vyungu," Mama Angetile akamjibu. "Karonga wanapenda." Na kweli alipakia, na sikumwona amenuna sana, mfanyabiashara haondoki na lori tupu. Godwin naye alikuwa ameshazungukwa, anawaeleza watu kwamba panga likifika ufukweni sharti likaguliwe uzi wa nyavu, na kwamba mpira unaoshika hautaki mafuta kabisa. Alieleza vizuri, na kila alipomaliza alisema, "Muulizeni yule mama." Nilisikia.

Mama Angetile akamfuata Tusajigwe. "Jumatatu kuna kikao. Uje."

"Cha wafinyanzi?"

"Cha wenye boti."

Mama yake alikuwa wa mwisho kushuka. Alisimama nyuma kabisa, akainama kwa shida, akachota majivu kwa ncha za vidole, yale makavu. Akayapuliza. Yakaruka. Huyo mama amechunguza vyungu maisha yake yote; hugonga, husikiliza, hutia maji na kungoja, na kibaya hukivunja papo hapo bila huruma.

"Hiki hakivuji," akasema, akampa binti yake mkono amshushe.

  Tusajigwe alimshusha mama yake majini taratibu, akamfikisha mchangani, akasimama naye kidogo. Kisha akarudi kwenye sanduku lake, ambako kijana mmoja wa baiskeli alikuwa anangoja tangu asubuhi na tairi begani, akamwambia aketi.